Shajara ya pampu ya kalsiamu: sungura wa Gungu, mgebuka wa Kibirizi

Juni 8, 2024, Jumamosi

Kwenye daftari la maabara huwa naandika namba tu, mikrolita ngapi, dakika ngapi, halafu nikirudi baada ya wiki mbili sikumbuki hata nilikuwa nawaza nini, kwa hiyo yale mengine nitayamwaga huku.

Mradi wenyewe ni huu. Ndani ya msuli kuna pampu inaitwa SERCA. Neva ikitoa amri, stoo ya kalsiamu iliyomo ndani ya uzi wa msuli inafunguka, kalsiamu inamwagika, msuli unajikaza. Ili ulegee lazima ile kalsiamu irudishwe stoo na hiyo ndio kazi ya pampu, kila ATP 1 (ATP ndiyo molekuli inayobeba nishati ya seli) inayoliwa zinaingia kalsiamu 2. Watu wengi (na mimi nilikuwemo mpaka chuo mwaka wa pili) wanadhani nguvu inatumika kukaza tu, kumbe na kulegea nako kunalipiwa. Wapo watu wanaozaliwa na hitilafu kwenye jini ya hii pampu, ugonjwa unaitwa Brody, daktari aliyeueleza mwanzo ilikuwa 1969, mtu anakunja ngumi vizuri tu ila kuifungua sasa, vidole vinachelewa, akikimbia misuli inakaza.

Pampu zenyewe ziko za aina kadhaa. SERCA1 inakaa kwenye nyuzi za haraka, ile misuli myeupe. SERCA2a inakaa kwenye nyuzi za polepole, ile myekundu, na kwenye moyo. Sasa ukimpasua mgebuka, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika, pale chini ya ngozi ubavuni utakuta kamkanda chekundu kamelala toka kichwani mpaka mkiani, na kingine chote ni nyeupe. Kule kwekundu ndio anaogelea nako siku nzima bila kuchoka, kweupe ni kwa ajili ya ule mruko wa kukamata dagaa. Yaani kipande kimoja cha samaki kina aina zote mbili za msuli zimelala kwa pamoja! Nataka kuziona pampu zake kwa macho, kwa kingamwili (protini inayokamata kitu kimoja tu ilichotengenezewa) yenye rangi inayong'aa, na nataka kuziona hapa hapa Kigoma, sio nipeleke sampuli Dar nikae miezi nasubiri.

Tatizo la kwanza linajulikana, hadubini ya fluoresensi, ile inayopiga slaidi kwa mwanga wa rangi moja ili kuona mng'ao wa rangi nyingine. Tatizo la pili ziwa limefungwa, toka Mei 15 mpaka Agosti 15 hakuna kuvua, kwa hiyo mgebuka mbichi hakuna na wa kukaushwa hanisaidii kitu.

La kwanza nimeshapata jibu lake nadhani. Kwenye chumba cha makohozi kuna hadubini ya LED ya kuangalizia vimelea vya TB vilivyopakwa rangi ya auramini. Hizi Shirika la Afya Duniani lilishauri zitumike mwaka 2011, na siku hizi makohozi mengi yanaenda moja kwa moja kwenye GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya TB, hadubini imebaki ya wagonjwa wanaofuatiliwa wakiwa kwenye dawa, mchana inakaa tu imefunikwa na nailoni. Nimemfuata dada wa kile chumba. Kakubali, masharti mawili: nije baada ya saa tisa, na "hiyo nyama yako kaka usiilete kwenye meza yangu, lete slaidi iliyokwisha kufungwa."

Sawa kabisa.

Juni 14

Mzigo umefika. Kingamwili ya panya ya kukamata SERCA1, imeshaunganishwa na rangi ya Alexa Fluor 488, mikrolita 100, kachupa ukikaangalia unaona aibu kwa hela iliyotoka. Nilichukua yenye rangi tayari kwa makusudi, maana njia nyingine ni kutumia kingamwili mbili, ya kwanza inakamata pampu na ya pili yenye rangi inakamata ile ya kwanza. Ile ya mbili inatoa mwanga mkali zaidi kwa sababu za rangi zinajaa juu ya ile moja, lakini hatua zinaongezeka na kila hatua ni mlango wa makosa. Mambo haya yana umri, mtu wa kwanza kubandika rangi inayong'aa kwenye kingamwili alikuwa Albert Coons, Marekani, 1941, alikuwa anawinda vimelea vya nimonia.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mzigo ulitoka Dar na vipakiti vya barafu, barabarani vikayeyuka vyote, ukafika jioni mimi sipo, mtu mwema mmoja (simtaji, ana nia njema na tunakula wote mezani) akaona umeandikwa "weka baridi" akauweka kwenye friza. Friza! Karatasi yake inasema nyuzi 2 mpaka 8, usigandishe, weka gizani. Nimeikuta asubuhi imekuwa jiwe. Nikakaa kwenye stuli kama dakika kumi hivi sijui nifanye nini.

Sijamgombeza mtu. Nimeihamishia kwenye friji ya kawaida, nimeifunga foili, na sitaigandisha tena hata iweje.

Juni 22

Kwa kuwa ziwa limefungwa naanza na sungura. Na sio kwa shida tu, sungura ndiye mwenye historia na hii pampu, Toyoshima na wenzake kule Japani mwaka 2000 walipotoa umbo lake kwa undani wa angstromu 2.6 (angstromu 10 ni nanomita 1) walitumia pampu iliyotolewa kwenye msuli wa sungura, amino asidi 994, imepita kwenye utando mara 10. Nikishindwa kuiona kwa sungura basi kwa mgebuka nisijisumbue.

Nimemnunua Gungu, hapa hapa Kigoma, kwa kijana anayefuga nyuma ya nyumba yao. Akaniuliza wa kufuga au wa mboga, nikamwambia wa shule, akacheka akasema wa shule bei ni ile ile. Tumechinja nyumbani, mimi nimechukua vipande viwili tu, vilivyobaki vimeliwa na ugali wa muhogo na mawese kidogo, kwa hiyo bajeti ya mradi imechangia na chakula cha jioni.

Vipande vyenyewe: soasi, ule msuli mweupe ulionyooka ndani ya kiuno pembeni ya uti wa mgongo, karibu wote ni nyuzi za haraka. Na soleusi, kamsuli kembamba chekundu kamejificha nyuma ya mguu chini ya msuli wa kigimbi, karibu wote ni wa polepole. SERCA1 inatakiwa iwake soasi, soleusi kuwe giza. Hilo ndio jedwali langu lote.

Hapa hatuna mashine ya kukata nyama iliyogandishwa vipande vya mikromita 10, kwa hiyo nimeenda na njia ya kuchambua nyuzi. Unachukua kamkanda ka msuli kembamba kama kiberiti, unakafunga ncha zote mbili kwa uzi kwenye kijiti cha kuchokolea meno kakiwa kamenyooka (usipofunga kanajikunja kwenye dawa na mistari yote inabanana huoni kitu), unatia kwenye fomalini yenye bafa (maji ya chumvi ambayo uchachu wake haubadiliki) dakika 30 tu. Sio usiku kucha kama wanavyofanya na vipande vya hospitali. Fomalini inafunga protini kwa protini, ikizidi inaziba pale pale kingamwili inapotaka kushika. Halafu unaosha, unaweka kwenye tone la bafa chini ya hadubini ya kawaida, unachukua sindano mbili za insulini unaanza kuchambua. Kama kuchambua nyuzi za katani hivi ila kila uzi mwembamba kuliko unywele. Saa ya kwanza nilivunja vunja zote. Saa ya tatu nikapata kumi na moja nzima nzima nikajiona fundi.

Juni 24

Nimepaka. Triton X-100 asilimia 0.3 kutoboa utando, halafu albumini ya ng'ombe, protini ya damu yake, saa moja ili kingamwili isishike hovyo hovyo, halafu kingamwili yenyewe nimeizimua 1 kwa 100, usiku kucha kwenye friji ndani ya boksi la viatu lenye kitambaa kilicholowa. Asubuhi kuosha mara tatu, gliserini, kioo cha kufunikia, kuziba pembeni na rangi ya kucha. Rangi ya kucha iwe ile isiyo na rangi tafadhali, mara ya kwanza nilichukua ya mdogo wangu nyekundu, chini ya taa ya bluu ukingo wote ukawaka kama soko la Mwanga usiku.

Saa tisa na nusu nikaingia chumba cha makohozi. Lenzi ya 20. Kijani! Nyuzi zimewaka kijani zimenyooka kwenye giza, nikamwita dada aje aone, akaangalia akasema "mbona kubwa hivi, mimi nimezoea vidudu." Nimepiga picha na simu kwenye lenzi ya jicho, nimemtumia msimamizi wangu usiku huo huo na maneno mengi ya kujisifu.

Juni 26

Msimamizi kajibu mstari mmoja. "Hiyo iliyowaka zaidi ni ipi?"

Nikaenda kuangalia lebo. Iliyowaka zaidi ni soleusi.

Dah. Ile nyekundu, ile iliyotakiwa iwe giza. Na mimi siku ile nilivyoona kijani tu akili ikafunga, sikuangalia hata lebo ya slaidi, nilikuwa nahama kutoka moja kwenda nyingine nasema hii nzuri, na hii nzuri zaidi.

Julai 2

Leo nimefanya nilichotakiwa kukifanya siku ya kwanza. Slaidi ya soleusi isiyo na kingamwili kabisa, bafa tu, kila kitu kingine vile vile.

Imewaka kijani.

Sababu yake ukiikalia chini iko wazi. Msuli mwekundu umejaa mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, mitokondria zina molekuli za manjano zinaitwa flavini, na flavini ukiipiga na mwanga wa bluu inarudisha kijani, yenyewe, bure, bila kupakwa chochote. Ongeza na fomalini ambayo nayo inaacha mng'ao wake. Halafu hadubini yenyewe. Taa yake inatoa bluu ya karibu nanomita 455 (urefu wa wimbi la mwanga) kwa sababu auramini ndiyo inayoipenda hiyo, wakati Alexa Fluor 488 inakula vizuri zaidi kwenye 495 na kutoa mwanga kwenye 519. Kwa hiyo rangi yangu naipa chakula pembeni ya sahani, flavini naipakulia katikati. Na chujio la hii hadubini linapitisha kila kitu kuanzia kijani kwenda juu, halichagui. Kwa vimelea vya TB hiyo sio shida, kwangu ni shida tupu.

Na simu ilinidanganya pia. Kamera ya simu ikiona giza inajiongezea mwanga yenyewe, kwa hiyo slaidi yenye mwanga kidogo na yenye mwanga mwingi zinatoka picha zinafanana. Nimehamia kwenye mpangilio wa mkono, ISO 800, sekunde 1, sigusi tena. Picha zote za Juni nimezifuta. Ile niliyomtumia msimamizi siwezi kuifuta basi tu.

Julai 5

Nimezunguka kutafuta Sudan Black, inasemekana ukipaka mwishoni inazima mng'ao wa msuli wenyewe. Kwenye shule mbili wananiambia ipo, nafika, ni Sudan III ile ya kupimia mafuta kwenye vyakula kidato cha pili. Sio yenyewe. Nimekunywa chai nimerudi.

Julai 9 mpaka 13

Nimeenda na njia ya taa. Wazo ni hili: kama mwanga unachosha rangi, basi uchoshe ule mng'ao wa asili kabla hujatia kingamwili. Nyuzi zikiwa bado kwenye bafa nimeziweka kwenye kisahani cha kioo chini ya balbu ya LED nyeupe wati 20 niliyonunua dukani, kisahani kimekaa juu ya barafu ili nyama isipike, saa 48. Barafu nabadilisha kila baada ya saa tatu, usiku nilitega alamu, mke wangu anasema huyu sungura amenisumbua kuliko mtoto mchanga.

Umeme ulikatika usiku wa pili saa nane. Nimehesabu saa zilizobaki nikaongeza mchana.

Nikaongeza na glaisini, amino asidi ndogo, nusu saa baada ya fomalini, inashika zile ncha za fomalini zilizobaki wazi zisije zikashika kingamwili.

Matokeo: slaidi ya soleusi bila kingamwili imeshuka sana. Haijawa giza kabisa, imebaki kijivu kijani kama maji ya ziwa asubuhi, lakini kwa ISO ile ile na sekunde ile ile tofauti unaiona bila kubishana na mtu.

Julai 16

Kabla sijapaka tena kuna kitu kingine. Kwenye slaidi zote za kwanza kulikuwa na vidoto, vinukta vinavyong'aa vikali vimetapakaa hata pale pasipo na nyuzi. Nilidhani vumbi. Kumbe ni matunda ya friza, kingamwili ikigandishwa na kuyeyushwa baadhi zinashikana zinakuwa mabonge, na bonge likikaa kwenye slaidi linawaka kama nyota. Dawa yake rahisi, nimezungusha kachupa kwenye sentrifyuji dakika 10 kwa kasi ya juu, mabonge yakashuka chini, nachukua ya juu tu na ncha ya pipeti isiguse sakafu. Kiasi gani cha kingamwili nzima kimepotea humo siwezi kukuambia kwa macho, ila nimeamua kuzimua 1 kwa 50 badala ya 1 kwa 100. Maana yake kila slaidi inakula mikrolita 2. Nahesabu kama mwenye duka.

Julai 20

Hii ndio siku ya kuandika.

Slaidi nne, nimezikalia moja moja, lebo nimezibandika karatasi juu ili nisijue ipi ni ipi, dada wa TB ndiye aliyezipanga. Nimeandika pembeni: ya A inawaka, B hafifu, C hafifu, D hafifu ila kuna uzi mmoja unawaka. Tukafunua. A ni soasi na kingamwili. B ni soasi bila. C ni soleusi bila. D ni soleusi na kingamwili, na ule uzi mmoja uliowaka, mmoja katikati ya wenzake tisa wa giza, ni uzi wa haraka uliokuwa unaishi kwenye mtaa wa polepole, na wapo wachache kweli kwenye soleusi ya sungura. Huo uzi mmoja umenifurahisha kuliko soasi yote. Mng'ao wa asili haungechagua mmoja ukaacha tisa vile.

Nikaweka lenzi ya 40 kwenye soasi. Katikati ya uzi kuna ukungu tu, kwa sababu uzi mzima ni mnene na hii hadubini inakuletea mwanga wa juu na wa chini kwa pamoja, lakini ukisogeza pole pole mpaka ukingoni pale uzi unapokuwa mwembamba, mistari. Mistari myembamba imekatiza uzi kwa upana, mmoja baada ya mwingine, kama ngazi, nafasi kati ya mmoja na mwingine ni mikromita 2 na kitu. Ile stoo ya kalsiamu imeuzunguka kila kipande cha msuli kama soksi ya wavu, na pampu zimepangwa kwenye huo wavu. Nilikaa pale mpaka dada akaanza kufunga madirisha.

Agosti 3

Msimamizi karudi na swali jingine (ndio kazi yake): unajuaje kwamba sio kingamwili yoyote tu ya panya inayoganda kwenye msuli mweupe?

Haki kabisa. Jibu sahihi ni kutumia kingamwili ya panya ya ukoo ule ule, rangi ile ile, isiyotafuta kitu chochote, lakini kuinunua ni hela nyingine na miezi mingine. Rafiki yangu Mwanza kanitumia mabaki ya kingamwili ya panya ya CD3, ile ya kuhesabia seli nyeupe za binadamu, imepitwa na tarehe, ina rangi ya FITC ambayo ni kijani pia. Haifanani moja kwa moja, FITC inachoka haraka kwenye mwanga kuliko Alexa, kwa hiyo nilipiga picha ndani ya sekunde za kwanza. Kwenye soasi haikushika kitu, slaidi imefanana na isiyo na kingamwili. Nimemtumia. Kajibu "vizuri" na nukta. Kwa anayemjua huyo mzee, hiyo ni shangwe.

Agosti 17, Jumamosi

Ziwa limefunguliwa juzi. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa mwaloni Kibirizi na chupa ya fomalini mfukoni na chupa ya chai imejaa barafu. Miezi mitatu mwalo ulikuwa kama uwanja wa shule wakati wa likizo, leo huwezi kupita, mitumbwi imebanana, kinamama na mabeseni, dagaa wanamwagwa kwenye turubai wanang'aa kama bati jipya.

Nikamfuata mama mmoja ninayenunuaga kwake. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, leo umewahi. Nikamwambia nataka mgebuka aliyetoka majini sasa hivi, ambaye hajakakamaa. Akaniangalia kama mtu asiyejua kununua samaki. Akachukua mmoja akamshika kwa kichwa tu, samaki akabaki amenyooka mbele kama rungu, akasema "huyu ndio mzima, anayelegea ni wa jana."

Sasa hapo ndipo mradi wangu na biashara yake vinapokutana. Samaki akitoka majini bado ana ATP, pampu zinafanya kazi, mwili unalegea. ATP ikiisha pampu zinasimama, kalsiamu inavuja kutoka stoo, vichwa vya mayosini (protini inayovuta msuli) vinashika na haviwezi kuachia kwa sababu kuachia nako kunataka ATP, samaki anakuwa rungu. Baadaye sana vimeng'enya vinaanza kuila nyama yenyewe na ulegevu unarudi, huo ndio ulegevu wa jana anaoujua mama. Mimi nilikuwa nautafuta ulegevu wa kwanza, ule wa dakika chache. Nikamweleza kwa maneno machache. Akafikiri, akasema, "kwa hiyo hiyo pampu yako ikifa ndio samaki anauzika?"

Ndio mama, kwa namna hiyo ndio.

Akamwambia kijana aniletee wa kwenye mtumbwi uliokuwa unaingia. Nimemkata palepale juu ya ndoo, kamkanda chekundu kwenye kijiti kimoja, cheupe kwenye kingine, kwenye fomalini, mguu mosi mguu pili mpaka maabara. Kumfunga uzi kwenye kijiti msuli wa samaki ni shida nyingine kabisa, nyuzi zake ni fupi, zimekatwa katwa na zile kuta nyeupe unazoziona samaki akiiva anapoachana kwa mapande. Vijiti sita, vimefaa viwili.

Agosti 24

Saa 48 za taa, glaisini, 1 kwa 50, usiku mbili kwenye friji badala ya mmoja.

Cheupe cha mgebuka kimewaka. Hafifu kuliko sungura, hafifu sana, na ukingoni tu, katikati ya nyuzi hamna kitu, nadhani kingamwili haijapenya. Chekundu kiko sawa na slaidi yake isiyo na kingamwili. Ile ya CD3 haijashika popote.

Kwenye karatasi ya kingamwili samaki hajatajwa. Wametaja wanyama wenye manyoya tu. Lakini pampu hii haijabadilika sana toka samaki mpaka sisi, kwa hiyo kushika sio muujiza, na kushika kwa uhafifu ndio nilichokuwa nakitegemea kama pale inaposhika pamebadilika herufi moja mbili. Baharini kuna ndugu wa nduaro ambao msuli wao wa jicho umeacha kabisa kazi ya kuvuta, umejaa pampu hizi hizi zinazozungusha kalsiamu bure ili zichome ATP zitoe joto la kupasha ubongo. Mgebuka wetu hana mambo hayo, ila inaonyesha samaki anaweza kuifanyia pampu hii kazi gani.

Mistari? Nimeiona sehemu moja, pengine mbili. Kwenye sehemu ya pili sina uhakika kama ni mistari au ni mimi ninayeitaka, kwa hiyo nimeihesabu moja.

Septemba 7

Zimebaki mikrolita 38. Nimeomba msaada wa kupimwa kwa njia nyingine, kusaga nyama ya mgebuka na kuipitisha kwenye jeli inayotenganisha protini kwa uzito ili tuone kama kingamwili inashika protini ya uzito wa kilodaltoni 110 hivi, ambao ndio uzito wa pampu, maana kama inashika kitu cha 60 basi kijani changu cha Agosti kina jina jingine. Sampuli sita ziko kwenye friza (hizi ndizo za friza, nimeandika kwa herufi kubwa mlangoni nini kinaingia na nini hakiingii).

Wakati nasubiri najaribu kuchambua nyembamba zaidi, nyuzi mbili mbili badala ya fungu, na Triton asilimia 0.5. Jana jioni nimepata saba. Ziko kwenye boksi la viatu, Jumatatu saa tisa ndio zamu yangu kwenye hadubini.